Chumba Asimolala Binti

Mpwa wangu Niar alianza kung'oa misumari yangu Jumatatu asubuhi, nami nimekaa kitandani namtazama. Misumari kumi na mmoja, na kila mmoja niliugongomea kwa mkono wangu: wa suruali, wa kanzu ya Ijumaa, wa kofia, wa mfuko wa dawa za magoti. Anaing'oa kwa koleo, anaitupa kwenye kopo la maziwa, ting, ting.

"Ukuta wa watu umeujaza miba kama nungunungu, Mjomba," akasema bila kugeuka.

"Ukuta wa watu? Wa watu gani? Huu ukuta wa mama yangu!"

"Ni wa bibi yangu," akasema. "Inua miguu, nataka kusogeza kitanda."

Nikainua. Mwanamume wa miaka sitini na nne, mwenye jina lake la heshima, Sutan Pamuncak, naambiwa inua miguu nami nainua. Hapo ndipo nilipokuwa nimefikia.

Na nisikufiche kitu: chumba chenyewe nilikitoa mimi, kwa mdomo wangu huu, mbele ya mashahidi, na nikapongezwa. Kinachoniuma zaidi ni hicho.

Mambo ya nyumba zetu unayajua. Nyumba inakwenda kwa binti, na kwa binti wa binti. Mvulana akishapata akili anapelekwa kulala surau, kile kimsikiti cha ukoo. Akioa, analala kwa mkewe. Kwa mama yake anabaki na heshima. Yeye ndiye mjomba, hakuna harusi wala shamba wala ugomvi unaokatwa bila neno lake, na mahali pake pa kuketi ni chini ya nguzo ya kati. Kitanda hana. Mimi kitanda changu kilikuwa kwa mke wangu Rosmanidar, miaka ishirini na nane, ukitoa ile niliyokuwa Jakarta nikiuza vikoi soko la Tanah Abang, ambayo ndiyo mingi. Nilipoacha biashara na kurudi moja kwa moja, nikamkuta ameshazoea kukaa bila mimi. Haikutimia miezi minne, akaniwekea begi langu juu ya ngazi. Hakutukana. Alisema tu, "Nenda kwenu, Sutan, unanichosha."

Nikaenda kwetu. Dada yangu Sidar, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba sasa, akanifungulia chumba cha binti yake mdogo aliyekwenda kufanya kazi Batam. "Kaa hapa kidogo, Kaka," akasema, "mpaka mkeo atulie." Mke wangu hakutulia. Alidai talaka, akapewa, na mimi nikakaa kidogo miaka mitatu. Hakuna aliyesema kitu. Nami sikuuliza, maana ukiuliza utajibiwa.

Niar ni binti mkubwa wa Sidar. Ana miaka thelathini na tano, ana mume mpole, na ana ulimi ambao sijui kaurithi kwa nani. Mwezi wa Rajabu alinijia na sinia ya shaba: tambuu, popoo, chokaa, vyote vimepangwa inavyotakiwa. Tangu nirudi hakuna aliyenipa tambuu kwa adabu ile. Alimwita na Datuk, mkuu wa ukoo wetu. Mumewe, Hendrizal, akakaa karibu na mlango akanyamaza, mkwe anavyotakiwa kunyamaza. Mkeka umetandikwa, mimi chini ya nguzo yangu, kahawa ya majani ya mbuni inafuka moshi mbele yangu. Loh, nilijisikia mtu!

"Mjomba," Niar akaanza, macho chini, sauti tamu, "wageni wanapita hapa kila wiki kuja kuona ziwa, halafu wanarudi kulala mjini Bukittinggi. Nyumba yetu ina chumba kitupu. Tunaomba neno lako, tukipambe, tuwalaze kwa malipo."

Nikafikiria kile chumba cha mwisho, kilichojaa magunia ya mpunga na mito ya harusi ya marehemu bibi. Sikuuliza ni chumba gani. Kuuliza kungenikatia hotuba, na hotuba ilikuwa imeshanijaa kifuani. Nikatafuna tambuu yangu, nikatema, nikasema kwa nusu saa nzima. Nilisema mgeni njoo mwenyeji apone. Nilisema habari za mababu walioshuka mlimani na kuwapokea waliowakuta njiani. Nilipofika kileleni nikanyoosha kidole juu: "Chumba ni cha binti! Chumba asimolala binti wa nyumba, hata alale nani, ni chumba kitupu, na chumba kitupu ni aibu ya ukoo. Kifungueni!"

"Ahaa," akasema Datuk. "Hayo ndiyo maneno."

"Tumesikia, Mjomba, na tumepokea," akasema Niar upesi, tena upesi mno.

Sidar akainama akaanza kunyoosha upindo wa ushungi wake, ambao haukuwa na mkunjo wowote. Hendrizal akakohoa, na macho yake yakaenda kwenye mlango wa chumba changu. Yangu yakafuata. Kikoi changu kilikuwa kimeanikwa pale juu ya mlango, bado kinadondosha maji.

Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi, nikaanguka na kitanda.

Kesho yake nilimwendea Datuk kwake, nimevaa kofia, nimekasirika vizuri.

"Datuk, yule mtoto kanichezea shere."

"Kakuchezea wapi? Kakuomba neno, umelitoa. Tena umelitoa vizuri sana, mimi nimelihifadhi, nitalitumia kwenye harusi ya mwezi ujao."

"Nilidhani anasema chumba cha magunia!"

"Ungeuliza."

"Sasa mimi nitalala wapi?"

Datuk alinitazama usoni. Sijui kama alinihurumia au alitaka kucheka. "Mwanamume asiye na mke analala surau, Sutan," akasema. "Mimi nikufundishe desturi wewe?"

Surau yetu iko bondeni, chini kidogo ya bwawa la samaki. Mbao za sakafu zimeachana, upepo wa ziwani unapanda kati yake, na kila anayepita kwenda shambani anakuona umejikunja. Wanaolala pale ni wazee waliotupwa. Mtoto anauliza, "Mama, yule nani?" na mama anamwambia asiangalie. Mimi mwenyewe niliambiwa hivyo nilipokuwa mdogo, na sikuangalia. Wallahi, niliona bora kaburi. Nikaapa kwamba mtu hanitoi kwenye ile nyumba, chumba watwae, ila mlangoni sitoki.

Basi ikawa vita. Niar alikuwa anataka chumba kiwe tayari Jumamosi, kwa sababu alikuwa ameshapata wageni wa kwanza, mtu na mkewe kutoka Jakarta, siku mbili. Mimi nilikuwa na kazi moja tu kwa wiki nzima, kumsumbua.

Alilikokota godoro langu la sufi mpaka uani, kalishika kwa vidole viwili.

"Mjomba, hili lina matundu kumi na saba ya sigara. Ungetuchoma sote."

"Mmeungua?"

"Harufu ya karafuu za sigara zako imepanda mpaka darini. Nani atalipa pesa yake alale ndani ya moshi wako?"

"Asiyetaka moshi akalale kwao. Mimi nilimwita?"

"Ndiyo," akasema. "Kwa nusu saa."

Alizisugua kuta za mbao kwa maji ya ndimu na majivu, akafungua dirisha lililokuwa limekwama tangu nizaliwe, akapaka dari chokaa nyeupe. Hendrizal alitengeneza rafu na kigoda cha kuwekea mizigo. Ilipofika zamu ya godoro jipya, la springi, lililopanda kutoka mjini juu ya gari, kijiji kizima kilitoka kuliona. Nikasimama kwenye ngazi.

"Hilo linaruka! Mgeni akigeuka usingizini, mtamwokota ziwani!"

Watu wakacheka. Niar akapita mbele yangu na upande wake wa godoro, jasho linamtoka, akaniambia kwa sauti ya chini, "Cheka, Mjomba. Kucheka hakulipishwi."

Kisha yakaja mambo madogo madogo, na hayo ndiyo yaliyonichoma hasa. Chupa ya chai na glasi mbili zimefunikwa vitambaa vya kufuma. Sabuni mpya ndani ya karatasi yake. Taulo nne. Taa ndogo ya kusomea. Jozi mbili za ndara za ndani, za kike na za kiume. Mshale mdogo ukutani wa kuonyesha kibla. Na mito: mito minne kwa watu wawili.

"Hao watu wana vichwa vinne?" nikauliza.

"Wageni wanapenda miwili miwili."

"Miaka mitatu nimelalia mmoja, tena ule wako wa utotoni. Una ramani za mkojo wako mpaka leo."

"Ungesema, ningeufua."

"Ningesema! Wewe ulikuwa huoni? Chupa ya chai hukuniwekea. Taa hukuniwekea. Mtu wa Jakarta ambaye hujawahi kumwona unamwekea ndara, mimi damu yako nakwenda msalani miguu mitupu!"

"Yeye kaniambia mapema kwamba anakuja," akasema Niar, "na kaniambia na siku ya kuondoka."

Sidar alikuwa jikoni anasaga pilipili. Nilisikia jiwe limesimama kidogo, halafu likaendelea. Dada yangu huyo, tumenyonya ziwa moja!

Nilihamia ukumbini na mkeka wangu, chini ya nguzo. Nguzo ni yangu, hata Datuk hawezi kusema kitu. Niar akaja kunisimamia.

"Mgeni akitoka kwenda msalani akukanyage?"

"Anikanyage. Alipie na hiyo."

"Mjomba, nakuomba. Huwezi kujianika hapa kama samaki mbele ya watu."

"Basi nirudishie chumba."

"Neno limeshatoka."

"Na mimi sitoki."

Ilikuwa hivyo mpaka Ijumaa. Nilirudi kutoka msikitini mchana, jua kali, magoti yananiuma, nyumba kimya. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Nikaingia kuangalia tu. Nakuambia kweli, sikukitambua. Upepo unaingia dirishani, ziwa lote linaonekana, na mimi miaka mitatu nilikuwa sijui kwamba ziwa linaonekana kutoka pale. Shuka nyeupe. Nikakaa ukingoni, nijue tu godoro likoje. Nikainua mguu mmoja. Nikainua na wa pili.

Niliamshwa na shuka kuvutwa chini yangu kwa nguvu, mpaka nikabiringika nikagonga ukuta.

"Mafuta ya kichwa!" Niar alikuwa anapiga kelele. "Ameyapaka mto mzima! Kesho wageni wanafika, Mjomba, kesho! Hizi shuka nitazifua saa ngapi, zikauke saa ngapi?"

"Ebo! Unamvuta mjomba wako kama gunia?"

"Mjomba?" Akaziangusha shuka chini. "Mjomba gani? Tuzungumze leo. Siku ya harusi yangu ulikuwa wapi?"

"Mambo ya zamani hayo."

"Ulikuwa wapi?"

"Mwezi wa Ramadhani ulikuwa unakaribia, soko limejaa, mtu hawezi kufunga kibanda..."

"Upande wa bwana harusi walipanda ngazi. Wakasema maneno yao. Wakangoja mjomba wa bibi harusi ajibu. Kimya. Wakangoja. Mkeka wako uko pale chini ya nguzo, mtupu, watu wanautazama. Unajua tulifanya nini? Tulimwazima mjomba wa jirani! Mimi niliozwa kwa mjomba wa kuazima! Mama mkwe wangu ananikumbusha mpaka leo kila tukigombana."

"Nilikutumia kitambaa," nikasema.

"Ulinitumia kitambaa cha rangi ya chai, kilichokudodea kibandani. Ninacho. Toka nje ukitazame, nimekikunja mara nne nimekiweka mlangoni, wageni wapangusie miguu."

Nikatoka. Kilikuwa pale kweli. Sidar alikuwa amesimama mlango wa jikoni, mikono myekundu kwa pilipili, na safari hii alisema. "Mtoto alilia siku tatu, Kaka. Mimi nilikutetea. Nikasema barua imepotea njiani."

Hapakuwa na barua. Nilisahau tarehe, basi. Nilikuwa na mteja wa jumla kutoka Surabaya, nikasahau. Jambo hilo sijamwambia mtu mpaka leo nakuambia wewe, na usidhani nilijuta pale pale. Pale pale nilichukia zaidi. Mtu akikushika kwenye kosa la kweli unamchukia kuliko anayekusingizia. Nikakaa chini ya nguzo, nikavuta sigara tatu mfululizo, nikiupuliza moshi makusudi upande wa chumba.

Jumamosi asubuhi akaja tena, macho yamevimba, shuka zimekauka juu ya moto wa jikoni. Akapiga magoti mbele yangu, lakini uso ni wa vita.

"Datuk kaenda mazishini Payakumbuh. Wageni wanafika saa tisa. Nimewaambia kwamba watapokelewa kwa maneno, kama inavyostahili, na mwanamke hawezi kuyasema. Mwenye kuyasema ni wewe."

"Ala! Leo nimekuwa mjomba?"

"Ukikataa, nitaazima tena. Nimeshazoea."

Nikamwambia nitapokea. Akashtuka, maana alikuwa amejiandaa kupigana. Hakujua nimepanga nini. Nilipanga hivi: nitawapokea wale watu kwa maneno matamu mpaka machozi yawalenge. Halafu wakishakunywa na kushiba, nitasema mbele yao, kwa upole wa mzee aliyeonewa, kwamba chumba walichopewa ni changu, na mimi nimefukuziwa sakafuni. Watu wa heshima hawawezi kulala juu ya neno kama hilo. Watakikataa chumba, watarudi mjini, sifa itaenea, na Niar ataning'inizia kikoi changu kwa mikono yake mwenyewe. Nikajirudia maneno yangu mara kumi, mpaka yakanyooka.

Walifika saa tisa na nusu. Mwanamke, Mama Sulastri, mwalimu mstaafu, mcheshi, mnene kidogo, anapanda ngazi anahema na kucheka. Mumewe kachukua kamera. Nilikuwa nimevaa shati langu jeusi na kofia. Nikawapokea. Wee! Nilisema kama sijawahi kusema. Nilimwomba msamaha mgeni kwa mkeka uliochanika, ambao haukuchanika. Nikamwomba msamaha kwa wali mkavu, ambao ulikuwa umejaa nazi. Mama Sulastri akaweka mkono kifuani. Niar alikuwa nyuma na sinia, nikaona midomo yake inafuatisha maneno yangu moja moja, bila sauti. Alikuwa anayajua yote. Sijui alijifunza wapi, labda siku ile alipokuwa anayangoja.

Wakapelekwa chumbani. Tukasikia sauti ya mwanamke, "Baba, njoo uone! Ziwa! Na mito, angalia mito!" Niar akafumba macho.

Wakatoka, wakala. Samaki wadogo wa ziwani wa kukaanga, mchuzi wa kisamvu, pilipili ya Sidar iliyomtoa yule bwana machozi. Jua likawa linateremka nyuma ya mlima. Ndipo Mama Sulastri, bila kusukumwa na mtu yeyote, akanigeukia mwenyewe.

"Mzee, samahani, nimehesabu vyumba. Mama ana chake, binti na mumewe wana chao. Nyinyi wengine mnalala wapi? Isije ikawa tumekunyang'anya kitanda chako."

Mungu kaniletea nafasi mkononi, imemenywa. Niar akasimama na kijiko hewani. Hendrizal akatazama miguu yake. Sidar akaacha kutafuna. Nikavuta pumzi, maneno yangu yote yako tayari. Nikamtazama yule mwanamke, uso wake mwema unangoja kunionea huruma, na nikaona huruma yenyewe itakavyokuwa. Mzee wa miaka sitini na nne, mkewe kamwekea begi kwenye ngazi. Atamsimulia mumewe kitandani. Atawasimulia watu Jakarta.

"Hapana, Mama," nikasema. "Mimi hapa ni mjomba tu. Nalala kwa mke wangu, ng'ambo ya mto."

"Ooh!" akasema, amefurahi. "Ndivyo nilivyosoma kwamba wanaume wa huku hulala kwa wake zao. Kumbe mpaka leo?"

"Mpaka leo."

"Basi tumekuchelewesha, giza linaingia! Baba, mpeleke mzee kwa gari."

"La, la. Ni karibu. Magoti yanataka kunyooshwa."

Ikabidi ninyanyuke. Nikachukua kofia yangu, na sikuweza kuchukua mkeka, kwa sababu nani anakwenda kwa mkewe na mkeka? Nilipofika kwenye ngazi, Niar akanifuata mbio na furushi la majani ya mgomba, la moto bado.

"Mjomba, umesahau," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ndani. "Mpelekee mkaza-mjomba. Akiona pilipili imezidi, mwambie anisamehe."

Nikamtazama usoni nijue kama ananicheka. Angecheka ningemtukana, wageni wasiwe wageni. Hakucheka. Alikuwa ananishikia uwongo wangu kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, na nilimchukia kwa hilo kuliko kwa yote ya wiki nzima.

"Nitamwambia," nikasema.

Wageni walikuwa wamesimama dirishani, dirisha la chumba, wananipungia. Ikanilazimu nishike njia ya daraja, ndiyo njia ya kwa mke wangu, na nitembee kama mtu anayengojwa. Nilipopotea machoni mwao nikateremka kwenye mashamba ya mpunga, nikazunguka kwenye matuta, matope mpaka magotini, nikatokea bwawani adhana ya magharibi inaanza. Surau ilikuwa tupu, siku zile hakuna mwingine aliyelala pale. Nikanawa, nikasali, nikafungua furushi. Chakula cha watu wawili: vipande viwili vya nyama, mayai mawili, na kijiko kidogo cha pilipili kimefungwa peke yake pembeni. Nikala vyote.

Asubuhi sikuweza kurudi kwa njia ya bwawa, wangeniona natoka wapi. Nikazunguka tena mpaka darajani, nikaja na barabara, nimekung'uta matope, nimetengeneza kofia. Mama Sulastri alikuwa amekaa juu ya ngazi ya mama yangu na kahawa yake, kavaa zile ndara mpya. Akaniona toka mbali, akasimama, akanisogezea nafasi.

"Karibu, Mzee, karibu, panda juu!" akasema. "Tumelala kama watoto. Mama hajambo huko?"

"Hajambo," nikasema. "Anawasalimu sana."